Intapreta ya Lisp imepata toleo jipya: nihamie au nikae nilipo?

Swali: Mwalimu, kazini tunatumia intapreta ndogo (programu inayosoma msimbo na kuutekeleza papo hapo) ya lugha ya Lisp, ya mtindo wa Scheme (tawi mojawapo la Lisp), iliyopachikwa ndani ya programu ya C. Nina faili 40 hivi za msimbo nilizoziandika kwa miaka kadhaa. Toleo jipya limetoka, na orodha ya mabadiliko inasema: miito ya mkiani haijazi tena steki (memori ya miito inayosubiri), lambda (funksheni isiyo na jina) sasa inashika vigeu vya mahali ilipoandikwa, namba kamili hazina kikomo na kugawanya kunatoa sehemu, gensym (kitengeneza majina mapya) imeongezwa, mzoa taka (anayerudisha memori isiyotumika tena) hasahau tena hoja ambazo bado zinakokotolewa. Funksheni yangu ya kujumlisha hufa orodha ikifika vipengele 20,000 hivi, kwa hiyo nimefurahi. Mwenzangu anasema kinachofanya kazi kisiguswe. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Ndugu yangu, mwenzako ana hofu ya haki ila ameielekeza pasipo pake. Nawe una furaha ya haki, ila funksheni yako itaendelea kufa vilevile. Tuanze na hilo la pili, maana ndilo linalokuuma.

Nadhani umeiandika hivi, kama wengi wetu tunavyoiandika mara ya kwanza:

```
(define (jumla l)
  (if (null? l)
      0
      (+ (car l) (jumla (cdr l)))))
```

`car` ni kipengele cha kwanza cha orodha, `cdr` ni kilichobaki. Itazame ile `+`. Haiwezi kujumlisha chochote mpaka `jumla` ya ndani irudi na jibu, na hiyo ya ndani nayo inaisubiri ya ndani zaidi, hivyo hivyo mpaka mwisho wa orodha. Kila inayosubiri imeweka kumbukumbu yake kwenye steki. Intapreta ndogo zilizoandikwa kwa C kwa kawaida hazina steki ya kwao, hutumia ile ile ya C: `eval`, funksheni inayokokotoa usemi, inajiita yenyewe kila inapokuta mabano ndani ya mabano. Kwenye Linux steki hiyo huwa megabaiti 8 kama hakuna aliyeibadilisha. Gawanya baiti 8,388,608 kwa vipengele vyako 20,000, unapata baiti 419 kwa kila wito. Kwa intapreta inayotoka `eval` kwenda `apply` (inayoita funksheni) na kurudi `eval` ili itimize wito mmoja tu wa Lisp, hiyo wala si israfu. Hesabu inaelekea kukubaliana na ulichokiona.

Sasa, wito wa mkiani ni ule ambao ukisharudi, aliyeita hana kazi iliyobaki. Kwenye `jumla` yako kazi imebaki: kujumlisha. Kwa hiyo si wito wa mkiani, na toleo jipya halitaugusa. Iandike upya hivi:

```
(define (jumla l hadi-sasa)
  (if (null? l)
      hadi-sasa
      (jumla (cdr l)
             (+ hadi-sasa (car l)))))
```

Hapa kujumlisha kunamalizika kabla ya kuita. Toleo la zamani lingekufa hata kwa hii. Jipya litaipitisha orodha ya vipengele milioni 10, mradi memori ya kuishikilia orodha yenyewe ipo. Kilichobadilika ndani ni kidogo ukikitazama: `eval` ikifika kwenye wito wa mkiani haijiiti tena, bali inatupa usemi na mazingira iliyokuwa imeshika, inashika vipya, kisha inarudi juu ya kitanzi chake yenyewe. Vipimo rasmi vya Scheme vinalidai jambo hili, si hiari. Common Lisp, tawi jingine la Lisp, haikulidai, ingawa kompaila zake nyingi hulifanya. Kuna njia nyingine pia, ya kuacha steki ikue ndani ya memori ya kawaida. Guile, mojawapo ya Scheme zilizopo, ilifanya hivyo kuanzia toleo la 2.2 la mwaka 2017, na huko hata `jumla` yako ya kwanza ingepona. Orodha yako haisemi kwamba mmepata hilo.

Kabla hujaamini mstari huo wa orodha, upime. Marekebisho haya mara nyingi hufanywa nusu: mwandishi anakumbuka matawi mawili ya `if` na mwili wa `lambda`, anasahau usemi wa mwisho ndani ya `cond`, `and` na `or`. Jaribio hili linashika mawili kati ya hayo kwa mpigo:

```
(define (shufwa? n)
  (or (= n 0) (witiri? (- n 1))))
(define (witiri? n)
  (and (> n 0) (shufwa? (- n 1))))
(shufwa? 1000000)
```

Ikijibu `#t`, fundi amefanya kazi yake. Ikianguka, usiilaumu Lisp, mwandikie fundi.

Na kuna gharama ambayo orodha za mabadiliko huwa hazitaji. Kwa kuwa aliyeita kwa mkia haachi kumbukumbu, siku kosa litakapotokea ile orodha ya nani-alimwita-nani itakuwa fupi kuliko ulivyozoea. Funksheni tatu nne za katikati zitakuwa hazipo. Nimeshaona watu wakidhani toleo jipya limeharibu kifaa cha kutafutia makosa, kumbe ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Sasa hofu ya mwenzako. Mstari unaostahili kuogopwa ni wa pili, ule wa lambda, na una historia ndefu kuliko umri wa intapreta yenu. John McCarthy alipokuwa akiibuni Lisp kule MIT kuanzia mwaka 1958, aliiandika `eval` kama nadharia, kuonyesha kwamba lugha inaweza kujieleza yenyewe. Steve Russell ndiye aliyeona kwamba ile `eval` ya kwenye karatasi inaweza kugeuzwa kuwa programu ya mashine ya IBM 704, na akaigeuza. Hiyo ndiyo intapreta ya kwanza ya Lisp. Ilikuwa na kasoro hiyo hiyo ya kwenye orodha yako: funksheni ikibebwa kutoka ilikoandikwa na kuitwa kwingine, vigeu vyake vilitafutwa kule ilikoitwa. McCarthy alikuja kukiri kwamba aliichukulia kama hitilafu ya kawaida tu, akiamini Russell angeirekebisha upesi. Dawa yenyewe ilichukua miaka. Gerald Sussman na Guy Steele waliifanya kuwa msingi wa Scheme mwaka 1975, na Emacs Lisp, Lisp ya kihariri cha Emacs, iliruhusu ufungaji huo wa kimaandishi (funksheni kushika vigeu vya mahali ilipoandikwa) mwaka 2012 tu, kwenye Emacs 24.1, tena faili moja moja, kwa yule aliyeandika mstari wa kuuomba juu ya faili lake.

Kwa nini Emacs ilikuwa na tahadhari kiasi hicho? Jaribu hii kwenye matoleo yote mawili uliyo nayo:

```
(define (kiongezi n)
  (lambda (x) (+ x n)))
(define ongeza-5 (kiongezi 5))
(let ((n 100))
  (ongeza-5 10))
```

La zamani litakupa 110, kwa sababu linapoitafuta `n` linaikuta ile 100 iliyo karibu na mahali pa kuita. Jipya litakupa 15. Kila mwenye akili timamu anataka 15. Shida ni kwamba katika miaka yako ya kuandika huenda umejifunza kuitumia 110 bila kujua. Fikiria hivi:

```
(define upana 80)
(define (chapisha-ripoti r)
  (andika-mistari r upana))

(let ((upana 60))
  (chapisha-ripoti ripoti))
```

Kwenye toleo la zamani, `let` ile ilikuwa njia ya mkato ya kusema: kwa muda huu mfupi, upana uwe 60 kwa kila mtu. Kwenye jipya, `let` inaunda `upana` mwingine kabisa ambao hauonekani nje ya mabano yake, na `chapisha-ripoti` itaendelea kuiona 80. Hakuna kosa litakalotangazwa. Ripoti itatoka, ila itatoka pana. Hivi ndivyo vitu vinavyogunduliwa na mteja wiki tatu baadaye.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kabla ya kuhama, ni kuzipitia faili zote 40 na kutafuta kila `let` (na kila jina la hoja ya funksheni) linalofanana na jina lililofafanuliwa na `define` ya nje. Orodhesha majina ya nje, kisha yatafute moja moja. Inachosha, lakini ni kazi ya mchana mmoja. Utakapokuta kama ile ya `upana`, una njia mbili: pitisha thamani kama hoja ya kawaida, au, kama intapreta yenu ina `make-parameter` na `parameterize` za R7RS (toleo mojawapo la vipimo rasmi vya Scheme), zitumie, maana zimewekwa kwa shughuli hiyo hiyo. Mimi huchagua hoja ya kawaida panapowezekana. Anayesoma `(chapisha-ripoti ripoti 60)` haulizi 60 imetoka wapi.

Kwenye namba, habari ni njema kwa sehemu kubwa. Intapreta nyingi hukata biti chache kutoka kwenye neno la biti 64 ili ziandikie humo aina ya kitu: hii ni namba, hii ni orodha. Emacs kabla ya toleo la 27.1 la mwaka 2020 ilibaki na biti 62 za namba kamili kwenye mashine za biti 64, na kubwa kuliko zote ilikuwa 2305843009213693951. Ukiiongezea 1 ulipata -2305843009213693952. Faktoria ya 20 ni 2432902008176640000, kwa hiyo hata hiyo haikutosha. Kama msimbo wenu hukokotoa vitu vya namna hiyo, kuna majibu ya uongo ambayo mmekuwa mkiyaamini, na sasa yatanyooka.

Lakini kuna msimbo unaoutegemea mfuriko. Tafuta mahali ulipojitengenezea namba ya kutambulisha neno kwa kuzidisha na 31 kisha kuongeza herufi inayofuata, halafu tena, halafu tena. Zamani namba hiyo ilijikata yenyewe ikifika kikomo. Sasa itakua bila kukoma, na maandishi marefu yatazaa namba ya tarakimu mamia. Jibu halitakuwa na kosa, programu itakuwa nzito tu, na utaanza kumshuku mtu wa seva. Weka `modulo` ya namba unayoitaka kwenye kila hatua. Ukiwa hapo hapo, tafuta `eq?` inayolinganisha namba: kwa namba kubwa inaweza kusema si sawa wakati ni sawa, kwa sababu inauliza kama ni kitu kile kile kwenye memori. Tumia `=`.

Kugawanya sitakawia nako. `(/ 7 2)` iliyokuwa ikitoa 3 sasa itatoa 7/2, na ukiipeleka 7/2 kwenye `vector-ref` italalamika kwa sauti mara moja. Badilisha iwe `quotient` na uendelee na safari.

Gensym ni kitu kizuri, ila kati ya vyote ulivyoorodhesha ndicho ambacho ungeweza kuishi bila. Makro hii, yaani msimbo unaoandika msimbo mwingine, ina ugonjwa unaojulikana:

```
(define-macro (badilishana a b)
  `(let ((tmp ,a))
     (set! ,a ,b)
     (set! ,b tmp)))
```

Iite kwa `(badilishana x y)`, inabadilishana. Iite kwa `(badilishana tmp y)`, na hakuna kitakachobadilishwa, kwa kuwa `tmp` yako imemezwa na `tmp` ya makro. Gensym inakupa jina ambalo hakuna mtu mwingine anaweza kuliandika, na ugonjwa unaisha. Sisi wa zamani tulikuwa tukiandika majina ya ajabu kama `__tmp-ya-badilishana__` na kuomba heri, na kusema kweli ilitosha siku nyingi. Pia gensym inaponya upande mmoja tu. Kama makro yako inatumia `list` ndani yake, na anayeiita ana kigeu chake cha mahali kiitwacho `list`, bado mtagongana. Upande huo unahitaji makro safi za namna ya `syntax-rules`, ambazo mzizi wake ni kazi ya Kohlbecker na wenzake ya mwaka 1986 na ambazo R5RS ilizifanya sharti mwaka 1998. Orodha yako haizitaji, basi usiite kigeu chako `list`. (Najua. Kila mtu huita kigeu chake `list`.)

Nimeuacha makusudi mstari wa mwisho, ambao bila shaka uliupita haraka kwa sababu hauahidi kitu kipya. Mimi orodha za mabadiliko huzisoma kutoka chini kwenda juu, na kwa Lisp hasa nina sababu. Sehemu kubwa ya vinavyoitwa vipya kwenye lugha hii unaweza kujiandikia mwenyewe kwa makro: kitanzi kipya, sintaksia mpya ya kushika makosa, hata mfumo mzima wa vitu. Ila mzoa taka yuko chini ya sakafu unayosimamia. Yeye akikosea, hakuna mabano utakayoandika yatakayokuokoa.

Kosa lenyewe huwa hivi. Mzoa taka huanza kwenye mizizi anayoijua, yaani jedwali la majina ya nje na mazingira yanayotumika, akafuata kila kiungo na kukipiga alama kila alichokifikia. Kisicho na alama ni taka. Sasa chukua `(f (g 1) (g 2) (g 3))`. Intapreta inakokotoa hoja moja baada ya nyingine na kuyakusanya majibu kwenye orodha ndogo, na anwani ya orodha hiyo iko kwenye kigeu cha kawaida cha C. Ikiwa memori itaisha katikati ya `(g 3)`, mzoa taka ataamshwa, atafuata mizizi yake yote, na hataiona orodha ile kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ipo. Majibu ya `(g 1)` na `(g 2)` yatazolewa. Chembe zao zitagawiwa kwa wengine, na `f` itapokea vitu ambavyo hakuna aliyempelekea.

Dalili zake unazifahamu hata kama hukujua jina lake: programu inayofanya kazi kwa data ndogo na kuchanganyikiwa kwa data kubwa, kosa linalosema kwamba `car` imepewa namba, mahali ambapo umeapa kuna orodha, tatizo linalotoweka ukiongeza mstari wa kuchapisha ili ulichunguze. Mara ya kwanza kukutana nalo nilipoteza siku nne nikiutuhumu msimbo wangu mwenyewe, nikaandika upya funksheni tatu zilizokuwa hazina kosa lolote. Emacs kwa miaka mingi ilijikinga kwa makro za C ziitwazo GCPRO, ambazo kila mwandishi alipaswa kuzikumbuka, na palipo na kukumbuka pana kusahau. Siku hizi inaikagua steki ya C yenyewe, ikichukulia kila neno linalofanana na anwani kuwa anwani kweli.

Kwa hiyo uamuzi wangu: hama, na uhame kwa ajili ya mstari huo, si kwa ajili ya miito ya mkiani. Kama ndani ya miaka hii mmewahi kuwa na hitilafu mliyoibatiza jina na kuizoea, ile ya “huwa inatokea mara moja moja, anzisha upya”, huenda ndiyo hii.

Kuhama kwenyewe kusiwe kwa siku moja. Weka matoleo yote mawili kwenye mashine moja, endesha faili zako zote 40 kwa data ile ile, hifadhi matokeo ya kila toleo kwenye faili lake, kisha yalinganishe mstari kwa mstari kwa `diff`. Utakapokuta tofauti, shuku `let` kwanza, kisha namba. Kama nyaraka za intapreta zinaonyesha namna ya kulazimisha uzoaji taka kila memori inapogawiwa, liendeshe toleo jipya hivyo usiku kucha. Itakuwa polepole mno, lakini mzizi uliosahaulika hujificha kwa shida sana kwenye hali hiyo.

Na kitu kimoja ambacho hakimo kwenye orodha yako, lakini kikipatwa na mabadiliko huwa hakitangazwi: mpangilio wa kukokotoa hoja. Scheme haisemi kama `(f (soma) (soma))` inaanza na `soma` ya kushoto au ya kulia. Common Lisp inasema ya kushoto. Fundi aliyeigusa sehemu ya hoja ili amfundishe mzoa taka kuziona, anaweza kuwa amegeuza mpangilio huo bila kuvunja sheria yoyote. Andika faili lenye mistari miwili, `moja` na `mbili`, lisome kwa `(list (soma) (soma))` kwenye matoleo yote mawili. Kama orodha zinatoka kinyume, kila mahali unaposoma vitu viwili ndani ya wito mmoja patahitaji `let*`.